Kutoka Maabara hadi Kiti cha Mgonjwa: Mwongozo kwa Fundisanifu wa Meno Anayetaka Kuwa Dental Prosthetist Nchini Australia

Maswali ninayoulizwa na ndugu zetu waliosomea teknolojia ya meno ni yale yale mwaka hadi mwaka. Mmoja alihitimu KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, jijini Nairobi na sasa yuko Brisbane. Mwingine alijifunza kazi Muhimbili, Dar es Salaam, kisha akahamia Melbourne na familia yake. Wa tatu alikulia kambini, akaletwa Australia akiwa kijana na kuisomea Diploma of Dental Technology hapa hapa. Wote wanataka kujua jambo moja: wafanye nini ili watoke nyuma ya ukuta wa maabara, wampokee mgonjwa wao wenyewe, wamchukue vipimo vya kinywa, wamtengenezee meno na kumvalisha? Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja na kwa utaratibu, ili asiyenipata kwa simu ayapate hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Australia ina kazi mbili ambazo kwa macho zinafanana, lakini sheria inazitenganisha kabisa. Dental technician ni fundisanifu wa maabara: anapokea karatasi ya maagizo na kipimo cha kinywa, yaani chapa ya meno na ufizi, anatengeneza kifaa na kukirudisha kliniki bila kumgusa mgonjwa. Dental prosthetist ni mtaalamu wa meno bandia anayemhudumia mgonjwa moja kwa moja kwa meno ya kuvaa na kuvua, yawe ya kinywa kizima au ya sehemu tu, pamoja na ukarabati wake na vikinga meno vya wanamichezo. Tangu mfumo wa usajili wa kitaifa uanze tarehe 1 Julai 2010, mtaalamu wa meno bandia husajiliwa na Dental Board of Australia kupitia Ahpra, mamlaka ya kitaifa ya usajili wa wahudumu wa afya, kama anavyosajiliwa daktari wa meno. Fundisanifu wa maabara hayumo katika daftari hilo. Majina ya kozi na vyeo nimeyaacha kwa Kiingereza kwa makusudi, kwa sababu ndivyo utakavyoyakuta kwenye fomu.

Kabla ya kuanza, hakikisha una vitu hivi

- Diploma of Dental Technology ya Australia, au stashahada ya nchi nyingine ambayo chuo unachoomba kitakubali kuwa inalingana nayo. Hili ndilo sharti la kuingilia Advanced Diploma of Dental Prosthetics.
- Uzoefu wa kweli wa meno bandia ya akriliki na ya fremu ya chuma. Ikiwa miaka yako yote umefanya taji na daraja tu, yaani meno bandia yasiyovuliwa, omba mwajiri akuhamishie benchi la meno ya kuvua kwa miezi kadhaa kabla hujaomba nafasi chuoni.
- Kiingereza cha kuzungumza na mgonjwa mzee anayenong'ona, na cha kuandika jalada litakaloweza kusomwa mahakamani.
- Chanjo, hasa ya homa ya ini aina ya B, pamoja na majibu ya damu yanayoonyesha kwamba una kinga.
- Cheti cha polisi na kibali cha kufanya kazi na watoto. Kibali hiki kina jina lake katika kila jimbo. Queensland kinaitwa Blue Card.
- Mwajiri anayejua mpango wako. Kozi nyingi za fani hii huendeshwa huku mwanafunzi akiendelea na kazi, na siku za kliniki hazihamishwi kwa sababu maabara ina oda nyingi.

Hatua ya 1: Anza na orodha ya usajili, kisha rudi nyuma hadi ulipo

Watu wengi huanza na tangazo la chuo, wanalipa, wanasoma, na mwishoni ndipo wanauliza kama wataweza kusajiliwa. Wewe anza mwisho. Fungua tovuti ya Dental Board of Australia, tafuta sehemu ya approved programs of study, kisha chagua kada ya dental prosthetist. Kozi ambayo haimo katika orodha hiyo haikufikishi kwenye usajili, hata kama jina lake linavutia kiasi gani na hata kama mwalimu wake ni bingwa.

Vyuo ambavyo vimewahi kufundisha njia hii ni pamoja na RMIT mjini Melbourne, TAFE NSW mjini Sydney, na Griffith University kule Gold Coast, ambako njia imepitia shahada ya chuo kikuu badala ya Advanced Diploma. Kozi hizi hupokea wanafunzi wachache, na baadhi hazifunguliwi kila mwaka. Kwa hiyo orodha ya mwaka jana si ya kutegemea. Isome upya wiki unayotaka kuomba.

Hili ninalisisitiza kwa sababu liliniumiza. Nilipofika nchini nililipa ada ya kozi fupi ya meno bandia niliyoiona kwenye tangazo, nikahudhuria Jumamosi kumi na mbili mfululizo na nikapewa cheti kizuri chenye muhuri. Nilipokipeleka kwenye maombi yangu ya kwanza niliambiwa kwa upole kwamba hakina uzito wowote katika usajili. Nilichojifunza darasani mle kilinifaa, lakini fedha ile ingenilipia muhula mzima wa kozi halali.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi mapema kuliko unavyodhani

Chuo kitataka kuona ulisoma nini, kwa saa ngapi, na nani alikusimamia. Cheti peke yake hakitoshi. Omba chuo chako cha nyumbani kikupe matokeo ya kila somo pamoja na mtaala unaoonyesha saa za nadharia na za vitendo. Barua hizi huchukua muda mrefu kupatikana ukiwa mbali, hivyo mtume ndugu unayemwamini afike ofisini mwenyewe na afuatilie hadi azishike mkononi.

Ikiwa karatasi zako ni za Kifaransa, kama ilivyo kwa wengi waliosoma Kongo au Burundi, zipeleke kwa mfasiri mwenye kibali cha NAATI, taasisi ya Australia inayoidhinisha wafasiri na wakalimani. Tafsiri ya rafiki, hata awe anakijua Kifaransa kuliko mfasiri huyo, haitapokelewa. Nakala zote zithibitishwe. Justice of the Peace huthibitisha bila malipo, na wengi wao hupatikana kwenye maktaba za mitaa.

Ongeza jalada la kazi zako. Piga picha za kazi nane au kumi, kila moja ikiwa na hatua zake: modeli, mpangilio wa meno kwenye nta, na kifaa kilichosuguliwa na kung'arishwa. Usiweke jina wala uso wa mgonjwa. Kazi moja iliyoharibika ukaeleza ulivyoirekebisha humwambia msaili mengi kuliko kumi zilizonyooka.

Hatua ya 3: Panga mtihani wa Kiingereza kwa hesabu

Makosa hapa ni mawili, na yote mawili ni ya gharama. La kwanza ni kufanya mtihani usio sahihi. Kama umechagua IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, Ahpra inahitaji ile ya Academic. Wengi wetu tumeshafanya ya General kwa ajili ya viza na tunadhani itatosha. Tangu Machi 2025 kiwango kimekuwa wastani wa 7, na 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na angalau 6.5 katika kuandika. Kuna pia OET, mtihani wa Kiingereza cha watumishi wa afya, na mimi humshauri fundisanifu auchague huo kwa sababu mazungumzo yake ni ya mgonjwa na mhudumu, na kujiandaa kwake kunakuandaa pia kwa kliniki.

Kosa la pili ni kuufanya mapema mno. Kwa kawaida matokeo huhesabiwa kwa miaka 2 kabla ya ombi la usajili, kwa hiyo ukifanya mtihani leo na kozi yako ikaisha baada ya miaka mitatu, unaweza kujikuta unalipa upya. Zipo njia za kukubaliwa bila mtihani kwa aliyesoma sekondari na chuo kwa Kiingereza katika nchi zinazotambuliwa, na upo msamaha kwa mwenye matokeo ya zamani aliyekuwa masomoni mfululizo katika kozi iliyoidhinishwa. Soma kiwango chenyewe neno kwa neno. Usidhani kwamba kusoma Advanced Diploma nchini Australia kunakuondolea mtihani moja kwa moja.

Hatua ya 4: Tafuta njia ya kulipa ada

Wengi wetu hatukuambiwa habari hii tulipofika. Mikopo ya serikali kwa masomo ya stashahada, iitwayo VET Student Loans, pamoja na ile ya vyuo vikuu iitwayo HELP, hutolewa kwa raia wa Australia na pia kwa wenye viza ya kudumu ya kibinadamu wanaoishi nchini. Kwa hiyo aliyeletwa na mpango wa wakimbizi kutoka Kigoma, Kakuma au Bujumbura anaweza kukopa hata kabla hajawa raia. Aliyeingia kwa viza ya kudumu ya ujuzi au ya familia kwa kawaida hawezi mpaka apate uraia, na ni busara kwake kuhesabu kama kungoja mwaka mmoja si nafuu kuliko kulipa taslimu. Kabla ya kutia sahihi, uliza chuo swali hili kwa maandishi: je, kozi hii katika tawi hili inaruhusiwa mkopo? Chuo kinaweza kuruhusiwa kwa kozi moja na kisiruhusiwe kwa nyingine.

Hatua ya 5: Usaili na mtihani wa mikono

Ukiitwa, tegemea kuulizwa kwa nini unataka kumhudumia mtu na si kutengeneza kifaa tu. Jibu kwa mfano wa kazi yako mwenyewe. Kama kuna jaribio la vitendo, mara nyingi kazi yenyewe utakuwa unaijua, kama kupanga meno sita ya mbele kwenye nta au kuandaa trei maalumu ya kuchukulia kipimo cha mgonjwa mmoja. Wasimamizi wanatazama usafi wa benchi na utulivu wako kuliko kasi. Nenda na miwani yako ya kinga.

Onyo kabla hujaendelea

Ukishaingia chuoni, habari zitaenea. Mzee wa jumuiya atakuja nyumbani Jumapili baada ya ibada, amevunjika meno yake bandia, na atasema, "Mwanangu, wewe si fundi? Nisaidie tu hapa hapa." Heshima kwa mzee itakusukuma ukubali. Usikubali kumvalisha wala kurekebisha kifaa kinywani mwake. Sheria ya kitaifa, katika kifungu cha 121, inataja kuvalisha na kurekebisha meno bandia ndani ya kinywa kuwa miongoni mwa vitendo vinavyoruhusiwa kwa waliosajiliwa tu, na adhabu yake inaweza kufika faini ya dola 60,000, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Mwanafunzi wa kozi iliyoidhinishwa analindwa anapofanya hayo ndani ya mafunzo yake chini ya usimamizi. Sebuleni kwako hakuna ulinzi huo. Ipigie simu kliniki ya chuo kwa niaba ya mzee, mpangie miadi, na umpeleke kwa gari lako. Hiyo ndiyo heshima unayoweza kumpa kihalali, na huenda ukampata awe mgonjwa wako wa kwanza wa mafunzo.

Hatua ya 6: Kinywa si modeli

Sehemu hii nitaikalia kwa muda, kwa sababu ndipo fundisanifu hodari anapoanguka. Umezoea modeli ya jasi: imekauka, imetulia, haiogopi. Kinywa kina mate, kina ulimi unaosukuma, kina misuli inayovuta kingo, na nyuma yake kuna mtu aliyeona aibu kutabasamu kwa miaka mingi.

a) Kipimo cha kwanza. Kaa mbele kidogo na kulia kwa mgonjwa kwa taya ya chini, simama nyuma yake kwa taya ya juu, na mnyanyue akae wima. Mgonjwa aliyelala chali ndiye anayetapika. Chagua trei kabla ya kukoroga alijineti (unga wa kuchukulia kipimo), ijaribu ikiwa tupu, na umwambie atakachohisi. Anayesumbuliwa na kichefuchefu mwambie apumue kwa pua na anyanyue mguu mmoja kidogo hewani. Akili yake ikihamia mguuni, koo hulegea. Alijineti haingoji. Isuuze, itie dawa ya kuua vijidudu, ifunike kwa kitambaa kinyevu na uimwagie jasi ndani ya nusu saa. Ulipokuwa maabara ulikuwa ukilalamika kwamba madaktari wanakuletea vipimo vilivyosinyaa. Sasa zamu ni yako.

b) Kipimo cha pili. Trei maalumu iishie milimita mbili hivi kabla ya kina cha mfereji wa shavu, ili kampaundi ya kijani, inayolainishwa kwa joto, ipate nafasi ya kuunda kingo. Unda kingo kipande kwa kipande, huku mgonjwa akisogeza midomo, akitoa ulimi na kufungua kinywa kwa upana. Nyuma ya kaakaa mwambie aseme "aaa" na utazame mstari ambapo nyama laini inaanza kutikisika. Hapo ndipo pa kuziba hewa. Meno bandia ya juu yanayoanguka mgonjwa anapopiga miayo, mara nyingi chanzo chake ni mstari huu kutotafutwa.

c) Kupima jinsi taya zinavyoumana. Hapa ndipo sura ya mtu inapopatikana au kupotea. Lainisha ukingo wa nta ya juu ulingane na mstari wa macho kwa mbele, na kwa ubavu ulingane na mstari kutoka bawa la pua hadi sikio. Pima urefu wa uso taya zikiwa zimepumzika, kisha zikiwa zimeumana. Tofauti ya milimita 2 hadi 4 ndiyo nafasi ya kupumzikia. Fundi mgeni huogopa kupunguza nta na humwachia mgonjwa meno marefu. Weka alama ya katikati, ya meno ya chonge na ya mstari wa tabasamu, na usimtume mgonjwa nyumbani kabla hujarudia kipimo mara ya pili na kupata jibu lile lile.

d) Jaribio la nta. Vitabu vya Kiingereza vitakwambia umwombe mgonjwa ahesabu kwa Kiingereza. Mgonjwa wetu anayezungumza Kiswahili mpe maneno yake. Mwambie ahesabu kuanzia sitini hadi sabini: katika "sitini na sita" na "sitini na saba" meno ya juu na ya chini yanapaswa kukaribiana sana bila kugongana. Yakigongana, urefu umezidi. Kisha aseme "fafanua" na "vifaa". Ncha za meno ya juu ziguse mdomo wa chini pale unyevu unapokutana na ukavu. Mimi huwa nampa mgonjwa kioo na kuondoka chumbani dakika tano, nimwache na mwenzi wake au mwanawe watazame bila haya.

Uliza pia habari za mwanya. Bibi mmoja wa Mombasa aliletwa na mjukuu wake na karatasi iliyoagiza meno yaliyobanana vizuri, kama ilivyo desturi. Nilipoomba picha yake ya ujanani alitoa ya harusi, na pale katikati ya meno ya juu palikuwa na mwanya mzuri kabisa. Nilipanga upya meno mawili kwenye nta huku akitazama, nikaacha upenyo wa milimita moja na nusu. Alijitazama, akafunika kinywa kwa kanga, kisha akaifunua. Hakuna kipimo cha chuoni kitakachokwambia jambo hilo usipoliuliza.

e) Kumvalisha na kumwona tena. Mwone baada ya saa 24 hadi 48, na umwambie aje akiwa ameyavaa, hata kama yanauma, kwa kuwa kidonda kikishapona hutaona pa kusugua. Tumia rangi ya kuonyesha mgandamizo, usikisie. Punguza akriliki kidogo kidogo.

Hatua ya 7: Jifunze kuona ugonjwa na kumpeleka mgonjwa mbele

Huenda ukawa mhudumu pekee wa afya anayemtazama mzee huyo kinywani mwaka mzima. Kabla ya kupima chochote, vaa glavu, chukua chachi, vuta ulimi taratibu upande huu na ule, tazama chini yake, mashavuni, kwenye kaakaa na nyuma ya koo. Kidonda ambacho hakijapona ndani ya wiki mbili baada ya kuondoa kinachokikwaruza, doa jekundu au jeupe lisilofutika, uvimbe mgumu au ganzi ya mdomo ni mambo ya kumpeleka mgonjwa kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa barua na kwa simu. Uliza kuhusu sigara, ugoro, tambuu na pombe kwa sauti ya kawaida, isiyo ya hukumu, na uandike jibu. Kaakaa lililowiva wekundu chini ya meno bandia kwa kawaida ni fangasi wa mtu anayelala nayo. Mfundishe kuyavua usiku na kuyasafisha.

Uliza dawa anazotumia. Baadhi ya dawa za kuimarisha mifupa zinaweza kufanya mfupa wa taya usipone unapochubuliwa, na mgonjwa wa aina hiyo anahitaji daktari wa meno ashiriki mapema. Hata kisukari na ukavu wa mate hubadilisha kila kitu unachopanga.

Mgonjwa asiyejua Kiingereza anastahili mkalimani. Ukizungumza naye Kiswahili, vizuri. Akiwa na lugha usiyoijua, piga TIS National, huduma ya serikali ya ukalimani kwa simu, namba 131 450, kwa masuala ya ridhaa na gharama. Usimtumie mtoto wake wa miaka kumi.

Hatua ya 8: Omba usajili

Ukiwa mwanafunzi, chuo kitakuandikisha Ahpra kama mwanafunzi, bila malipo. Miezi mitatu kabla ya kuhitimu, fungua ombi la usajili kamili uwe na kitambulisho, taarifa ya makosa ya jinai kwa kila nchi inayohitajika, matokeo ya Kiingereza na mpango wa bima ya taaluma. Usimtibu mgonjwa hata mmoja kama mtaalamu kabla jina lako halijaonekana kwenye daftari la umma. Barua ya kuhitimu si usajili.

Hatua ya 9: Mwaka wa kwanza

Ajiriwa kwanza, usifungue kliniki yako. Kusafisha vifaa kwa AS 5369, kiwango cha Australia cha usafishaji wa vifaa vya tiba, kutunza majalada, kupanga bei na kuomba malipo ya bima binafsi, ya wastaafu wa jeshi kupitia DVA, idara ya serikali inayowahudumia, au ya vocha za serikali za majimbo ni kazi inayojifunzwa kwa kuiona ikifanywa. Usajili huhuishwa kila mwaka kufikia tarehe 30 Novemba, na unatakiwa kuwa na saa 60 za mafunzo endelevu katika kila mzunguko wa miaka 3, asilimia 80 au zaidi zikiwa za kitabibu au za kisayansi. Meno yanayoshikizwa kwenye vipandikizi, yaani vishikizi vilivyopandikizwa ndani ya mfupa wa taya, yaache hadi upate mafunzo ya ziada. Kanuni ya Dental Board inakutaka ufanye yale tu uliyofundishwa na unayoyamudu.

Mambo yakikwama

Chuo kimekataa stashahada yako ya nyumbani. Omba sababu kwa maandishi, somo kwa somo. Mara nyingi pengo ni dogo, kama vile fremu za chuma au udhibiti wa maambukizi, na linaweza kuzibwa kwa kutambuliwa ujuzi wa awali au kwa kusoma moduli chache za Diploma badala ya kuirudia yote.

Nafasi zimejaa au kozi haikufunguliwa mwaka huu. Omba jimbo jingine na ujitayarishe kusafiri kwa vipindi vya kliniki. Usiache benchi, mwaka wa kungoja utumie kuomba ruhusa ya kukaa kliniki kama mtazamaji, wagonjwa wakiridhia. New Zealand nayo ina cheo kinachofanana, clinical dental technician, na Chuo Kikuu cha Otago mjini Dunedin hufundisha njia hiyo, lakini ada na viza ni hesabu nyingine.

Umefeli kuandika katika mtihani wa Kiingereza. Hili ndilo eneo linalowashinda wengi. Andika barua moja ya rufaa kila siku kwa wiki sita, ya mgonjwa wa kubuni, na mpe mwenzako aisahihishe. Ufundi wake ni ule ule wa kupanga meno: ukikosea la kwanza yote yanafuata upande.

Mgonjwa wa mafunzo ameacha kuja. Msimamizi atakuhesabia kazi pungufu. Anza na wagonjwa wawili zaidi ya idadi unayotakiwa kukamilisha, wapigie siku moja kabla, na ujue anayehitaji usafiri.

Meno uliyotengeneza yanagongana mgonjwa akizungumza na ufizi wote unauma bila kidonda maalumu. Urefu umezidi; usisugue chini, rudi kwenye kipimo cha taya. Kinyume chake, pembe za midomo zikipasuka na kidevu kikikaribia pua, urefu umepungua.

Unataka kurudi nyumbani na cheo hiki. Usajili wa Australia haukupi leseni Nairobi wala Dar es Salaam, ambako fundisanifu hufanya kazi kwa maagizo ya daktari. Andikia mamlaka ya usajili ya huko kabla hujafunga mizigo, na usubiri jibu lenye sahihi.

Msimamizi anakurudishia kazi ile ile mara ya nne. Mwombe akae kwenye kiti cha mgonjwa na wewe umchukue kipimo yeye mwenyewe, kisha mbadilishane. Mimi nilielewa uzito wa trei yangu siku ilipokuwa kinywani mwangu.